Juma la Mshonaji wa Viraka katika Raila

Kibera iko upande wa kusini-magharibi wa mji wa Nairobi, mwendo wa kilomita tano hivi kutoka katikati ya mji, na ndani yake mna vijiji zaidi ya kumi vilivyosongamana: Makina, Lindi, Kianda, Gatwekera, Laini Saba, Silanga, Mashimoni, Soweto na vinginevyo. Kimoja katika hivyo huitwa Raila, kwa jina la marehemu Raila Odinga, aliyekuwa Mbunge wa Langata tangu mwaka 1992 hadi 2013, wakati Kibera ilipokuwa ingali sehemu ya jimbo hilo. Apitaye kijijini hapo asubuhi husikia redio, na watoto waendao shule, na muuza maji asukumaye mkokoteni wake. Na kati ya sauti hizo zote husikia mlio wa vyerehani.

Vyerehani vingi hushona sare za shule na kurekebisha suruali zilizo ndefu mno. Lakini wako mabibi washonao kitu kisichojulikana sana bara, nacho ni blanketi la viraka. Watu wa pwani wana neno lao kwa blanketi lililotiwa pamba na kushonwa juu yake, huliita mfarishi, nalo ni neno zuri la kutumia hapa. Mfarishi wa viraka una tabaka tatu: uso wa juu, uliounganishwa kwa vipande vingi vya nguo, pamba, au blanketi kuukuu, katikati, na bitana chini. Tabaka hizo tatu hushikwa pamoja kwa mishono midogo midogo ipitayo toka juu hata chini, na huo ndio uhai wa mfarishi, maana pasipo mishono hiyo pamba hukusanyika pembeni baada ya kufuliwa mara mbili tatu.

Wako wadhanio kwamba kiraka ni alama ya umaskini tu. Si hivyo. Kiraka cha suruali hufunika tundu, na mwenye suruali angependa kisionekane. Kiraka cha mfarishi hukatwa makusudi katika nguo nzima, na hutiwa mahali ambapo jicho litakiona kwanza.

Kazi ya sindano katika mikono ya mabibi wa Kenya ina historia yake. Mwaka 1952 Idara ya Maendeleo ya Jamii ya serikali ya kikoloni ilianzisha vyama vya Maendeleo ya Wanawake, na viongozi wake wakafundishwa katika Jeanes School huko Kabete, shule iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1925. Walifunzwa kushona, kufuma, kupika na kutunza watoto. Mwaka huohuo Hali ya Hatari ilitangazwa, na serikali ilivitumia vyama hivyo pia ili kuwavuta wanawake watoke upande wa Mau Mau; basi si kila bibi aliyeshika sindano siku zile aliishika kwa hiari. Hata hivyo ujuzi ukishaingia mkononi hautoki pamoja na yule aliyeuleta. Miaka mingi baadaye, mwaka 1996, kikundi kidogo cha wanawake wa nchi mbalimbali za Afrika, wengine wao wakimbizi wa vita, kilianza kushona pamoja mjini Nairobi kwa jina la Amani ya Juu, na mifarishi ya viraka ikawa miongoni mwa kazi zao.

Tumtwae kwa mfano bibi mmoja wa Raila, mama wa watoto watatu, mwenye cherehani moja ya miguu na chumba kimoja. Bibi huyu ni wa mfano tu, lakini mambo yake ni yale yawapatayo wenzake. Ameagizwa mfarishi mmoja, amepokea arbuni, na yampasa aukabidhi siku ya Jumamosi. Karo ya mtoto wake mkubwa yatakiwa Jumatatu ifuatayo.

Siku ya Jumatatu huenda sokoni Toi, karibu na barabara ya Ngong, alfajiri kabla jua halijapanda. Soko hilo limekwisha kuteketea zaidi ya mara moja. Liliharibiwa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na moto ukaliunguza tena mwaka 2019, na kila mara wachuuzi wamesimamisha vibanda vyao upya. Robota la mitumba lifunguliwapo, nguo zilizo bora, ambazo wachuuzi huziita "kamera", hunyakuliwa na wenye maduka. Zile za mwisho kabisa huitwa "fagia". Mshonaji wa viraka hana haja ya kamera. Shati la kiume lililochakaa kola na kutoboka kiwiko laweza kuwa na mgongo mzima usio na doa, na mgongo wa shati ndio kitambaa kipana kupita vyote ndani yake.

Shida ni kujua nguo ni ya pamba au ni ya nailoni na jamaa zake, maana vitambaa vya aina mbili vikiunganishwa, kimoja hupungua majini na chenzake hakipungui, na uso wa mfarishi hukunjamana kama uso wa mzee. Lebo mara nyingi imekatwa au imefutika. Basi mshonaji huchomoa uzi mmoja na kuuchoma kwa kiberiti. Uzi wa pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi iunguayo, na huacha majivu laini. Uzi wa kutengenezwa viwandani kwa dawa hujikunja, huyeyuka, na huacha tone gumu jeusi. Wauzaji wa Toi wamezoea kuwaona mabibi wakichoma nyuzi mbele ya vibanda vyao, ijapokuwa si wote waifurahiao desturi hiyo.

Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, serikali ilipiga marufuku kuingiza mitumba kutoka ng'ambo, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka Agosti. Mafundi wengi wa Kibera walishona barakoa miezi ile. Mshonaji wa viraka naye alitafuta vipande vya kitenge katika masazo ya mafundi wenzake, na wako ambao mpaka leo huona mifarishi ya vitenge ina rangi zilizo hai kuliko ya mashati. Ni jambo la kupendeza kubishania.

Vitambaa vyote hufuliwa kwanza. Kitambaa chekundu, hasa, hutiwa peke yake katika beseni, na maji yakigeuka rangi hurudiwa mpaka yawe meupe. Fundi asiyefanya hivyo hujuta siku mteja atakapoufua mfarishi wake na kuona mraba mweupe umekuwa wa waridi.

Jumanne ni siku ya kukata, nayo ni siku ya hesabu. Mfarishi ulioagizwa ni wa inchi 80 kwa inchi 80, utoshao kitanda cha watu wawili. Mshonaji hukata kigezo cha katoni ngumu cha inchi 8 na nusu kila upande. Robo ya inchi huachwa kwa mshono pande zote, na kiraka kikishaunganishwa hubaki inchi 8 kamili. Viraka kumi kwa safu, safu kumi: jumla ni viraka 100. Kigezo hulazwa kufuata uzi wa nguo, wala si mshazari, kwa sababu nguo iliyokatwa mshazari huvutika kama mpira, na mraba wake hauwi mraba tena.

Hesabu ya mishono ndiyo iwashangazayo wengi. Kila safu ina mishono tisa ya inchi 8, na safu ni kumi. Kisha kuna mishono tisa mirefu ya inchi 80 ya kuunganisha safu. Ukijumlisha yote ni inchi 1,440, yaani futi 120 za mshono. Sasa mteja akisema, "Mama, ningependa viraka vidogo zaidi, hivi vikubwa havipendezi," akataka vya inchi 4, mfarishi ni uleule kwa upana, lakini viraka vimekuwa 400 na mishono imepita futi 250. Kukata kumekuwa mara nne, na kuunganisha kumezidi mara mbili. Mshonaji asiyejua hesabu hiyo hukubali kwa bei ileile, akidhani ametakiwa jambo dogo.

Jumatano mvua hunyesha, nayo mvua ya Kibera haina haja ya kuelezwa kwa mtu aliyepata kulala chini ya bati lenye matundu. Chumba cha nyumba nyingi kina futi kumi au kumi na mbili kila upande, na mfarishi uliotandazwa huchukua karibu futi saba za sakafu hiyo. Kitanda husimamishwa ukutani; watoto huketi juu ya makreti; jiko hutolewa nje ya mlango. Pasi ni ya makaa, na cheche moja yatosha kutoboa kazi ya siku mbili. Basi mshonaji hupiga pasi kwanza, mbali na vitambaa vyeupe, kisha huitoa pasi nje ndipo atandaze.

Cherehani yenyewe huwekwa karibu na mlango. Hilo si jambo la nuru peke yake. Katika nyumba zilizoshikana hivyo moto hauna subira, na zaidi ya hayo watu hawajasahau tarehe 23 Julai 2018, siku ambayo katika sehemu nyingine za Kibera nyumba, na shule pia, zilibomolewa ili kupitisha barabara iunganishayo Ngong na Langata. Aliyejua kukifungua kichwa cha cherehani kutoka katika meza yake aliondoka na riziki yake mikononi, kwa kuwa kichwa hushikwa kwa skrubu chache na mtu mmoja aweza kukibeba. Meza ya chuma huweza kununuliwa nyingine. Mama huyu huweka bisibisi katika droo ya cherehani, na amemfundisha mtoto wake wa kwanza kuitumia.

Tabaka tatu zikisha kupangwa, hupigwa bandi kwa uzi mweupe mrefu kutoka katikati kwenda pembeni ili zisiteleze. Ndipo huanza kazi ya mkono, na siku ya Alhamisi na Ijumaa hupita kwa kazi hiyo: sindano, tondoo kidoleni, na mishono mia kwa mia.

Siku ya Alhamisi, hata hivyo, alasiri yote hutolewa katika kazi. Maktaba ya Taifa ina tawi lake Kibera, na mama huyu huenda huko pamoja na mtoto wake. Mtoto ana kazi ya shule. Mama ana kitabu chake. Yafaa kukumbuka kwamba maktaba ya McMillan katikati ya mji, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao kwa zaidi ya miaka 25, na mama wa mama huyu, kama angetaka kitabu wakati ule, asingeingia hata mlangoni.

Kitabu alichokishika juma hili ni riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth, iliyotoka mwaka 1986. Mwandishi alizaliwa Uingereza, akaja Kenya mwaka 1954, akaolewa katika ukoo wa Kijaluo, akawa raia, na akafariki Nairobi mwaka 2015. Kitabu chaeleza habari za msichana Paulina, afikaye Nairobi kwa garimoshi mwaka 1956, katika Hali ya Hatari, kumfuata mumewe. Hajui mji, apotea njia. Baadaye ajifunza kazi za mikono, na kwa ujuzi huo apata mshahara wake mwenyewe, na kwa mshahara huo apata sauti yake mwenyewe. Reli ile iliyomleta msichana yule yapita katikati ya Kibera hata leo. Msomaji aliye mshonaji hasomi habari hizo kama asomavyo karani. Penye ukurasa utajao kitambaa kilichofumwa, yeye husimama na kuuliza kilichukua siku ngapi, na kiliuzwa kwa bei gani.

Husoma pia habari za washonaji wa mbali. Huko Karnataka, India, wako watu waitwao Masidi, ambao wazee wao walitoka Afrika, wengi wao wakichukuliwa na Wareno kupitia Goa wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi. Hawaanzi katikati kama waanzavyo wengine, bali huanza pembeni na kuzunguka kuelekea ndani, kiraka juu ya kiraka, mpaka wakutane na katikati. Katika kila pembe hutia vipande vilivyokunjwa pembe tatu, viitwavyo phula, yaani maua, na mfarishi usio na phula huuona kana kwamba u uchi. Na huko Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, wanawake weusi, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba, walishona mifarishi ya suruali za kazi zilizochakaa kwa sababu nyumba zao zilikuwa na baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika majumba ya sanaa ya Houston na New York, na mwaka 2006 Posta ya Marekani ikaitia picha zake katika stempu. Mistari ya mifarishi ile haikunyooka. Mama wa Raila, ambaye hufumua mshono uliopinda hata nusu ya nusu ya inchi, aliitazama picha hizo kwa muda mrefu sana.

Je, alasiri ya kusoma si hasara kwa mtu mwenye karo mlangoni? Jirani hulisema hilo waziwazi. Lakini hasara yenyewe iko mahali pengine, na yaonekana katika daftari la mama huyo. Tuseme nguo, pamba, bitana na uzi vimegharimu shilingi 2,200, na mfarishi umeagizwa kwa shilingi 5,000. Zabaki 2,800, na washonaji wengi huishia hapo, wakisema faida ni 2,800. Yeye huandika na saa. Kuchagua na kufua, saa 3; kukata, 5; kuunganisha, 9; kupiga bandi, 3; kushona tabaka kwa mkono, 16; kutia pindo, 4. Jumla ni saa 40. Gawanya 2,800 kwa 40: ni shilingi 70 kwa saa. Na akitakiwa viraka vya inchi 4 kwa bei ileile, akaongeza saa 25 za kukata na kuunganisha, atapata shilingi 43 kwa saa. Tarakimu hizi ni za mfano, na kila mshonaji ana zake, lakini njia ya kuzipata ni moja. Asiyeandika saa zake huzitoa bure, na huzitoa bila hata kushukuriwa, kwa kuwa mpokeaji hajui kwamba amepewa.

Jumamosi mteja huja kwa gari mpaka barabarani, kisha kwa miguu. Mfarishi hutandazwa juu ya kitanda cha jirani, maana chake kimesimama ukutani.

"Mama, ni mzuri kweli," asema mteja. "Lakini si ni mitumba hii? Nipunguzie kidogo."

"Dada yangu, nguo ni mitumba," ajibu mama, "mkono si mtumba. Tazama."

Amfungulia daftari. Mteja asoma safu za saa, kimya, akifuata kwa kidole. Alipa salio lote kama walivyoagana. Kisha aagiza mwingine, wa viraka vya inchi 4, kwa ajili ya dada yake atakayeolewa. Mama ataja shilingi 7,200. Mteja asema atapiga simu. Huenda akapiga, huenda asipige. Washonaji wa Raila, na wale wa Kawangware ng'ambo ya barabara ya Ngong, wanazijua simu hizo zisizopigwa. Wengi wao hushuka bei kabla mteja hajafika barabarani. Safari hii mama hakumfuata.

Karo huwekwa kando jioni ileile, katika bahasha, chini ya droo ya cherehani. Imetimia, kasoro kidogo ya kuombea siku mbili kwa mwalimu.

Jumapili baada ya ibada, mama na watoto hupanda matatu mpaka mjini, kisha hupanda kilima kwa miguu mpaka Makumbusho ya Taifa, jumba lililofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon. Jirani aliwaona wakitoka wamevaa vizuri.

"Mama, na karo je?"

"Nauli hii niliiandika tangu Jumatatu," alijibu. "Iko mstari wa chini."

Ndani ya makumbusho watoto hukimbilia ndege na nyoka. Mama huenda kwenye picha ambazo Joy Adamson alizichora, hasa katika miaka ya mwisho ya 1940 na mwanzo wa 1950, alipopewa kazi na serikali ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya asili. Watazamaji wengi hutazama nyuso. Mshonaji hutazama shanga: ni rangi gani imewekwa kando ya nyekundu ili nyekundu iwake, na ni wapi mweupe umetiwa kama mstari mwembamba wa kuzitenga rangi mbili zilizogombana. Ana daftari lilelile, na kalamu ya risasi. Katika ukurasa wa nyuma achora miraba midogo, kumi kwa kumi, na katika kila mraba atia herufi moja: N kwa nyekundu, B kwa buluu, M kwa mweupe.

Mtoto mdogo aja na kumwuliza kama M ni ya Mama. Amwambia ngoja kwanza, asipoteze hesabu. Yuko safu ya saba. Nje mawingu yameanza kukusanyika upande wa Ngong, na mvua ikianza kabla ya saa kumi na moja nauli ya kurudi itapanda.